Goti Lililosagika Halitaki Kupumzishwa

Mtu akishapigwa eksirei na kuambiwa goti limesagika, huanza kulihurumia. Anaacha ngazi, anaacha kwenda sokoni kwa miguu, anashinda amekaa. Miezi mitatu baadaye paja limenywea, goti halinyooki sawasawa na maumivu yamezidi. Ukirudia picha, mara nyingi mifupa iko karibu vilevile. Kilichopungua ni nguvu.

Gegedu inayofunika ncha za mifupa haina mishipa ya damu. Hulishwa na ute wa goti, nao huingia na kutoka pale gegedu inapokandamizwa na kuachiwa, kama sponji. Goti lisilotembezwa halilishwi vizuri. Isitoshe, goti likivimba, neva huulegeza msuli mkubwa wa mbele ya paja, ambao ndio unaopokea kishindo kila unapokanyaga. Ukilegea, kishindo chote kinaishia kwenye goti, goti linauma zaidi, na msuli unazidi kulala. Diklofenaki na dawa za kuchua hutuliza maumivu kwa muda, lakini paja hazilirudishi.

Anza kitandani au kwenye mkeka. Viringisha taulo liwe na unene wa ngumi, liweke chini ya goti, kisha ulikandamize kwa goti huku ukivuta vidole vya mguu kuelekea kwako. Hesabu hadi tano, achia. Fanya mara 10, mizunguko mitatu. Weka kiganja juu ya paja uhakikishe linakaza, maana wengi hubana makalio tu na paja linabaki laini. Likishakaza vizuri, kunja mguu usiouma, nyoosha ule unaouma, kaza paja kwanza, ndipo uunyanyue sentimita 20 hadi 30. Ushikilie sekunde tano, ushushe polepole, na usibane pumzi. Goti likikunjika wakati wa kunyanyua, paja bado halijaweza. Rudi kwenye taulo kwa wiki moja.

Zoezi tunalolithamini kuliko yote ni kukaa na kusimama, kwa sababu ndilo linalomtoa mtu kitini, kwenye daladala na chooni. Tumia kiti imara kilichoegemezwa ukutani, kimo cha sentimita 45 hivi. Goti likiuma kwa kimo hicho, ongeza mto mgumu juu ya kiti. Rudisha visigino nyuma kidogo, inama mpaka pua ifike juu ya vidole vya miguu, simama, kisha kaa kwa kuhesabu moja, mbili, tatu. Anayejitupa kitini anapoteza sehemu nzuri ya zoezi, kwa kuwa kushuka taratibu kunajenga sana msuli. Magoti yaelekee kidole cha pili cha mguu, yasiingie ndani. Mara 8 hadi 10, mizunguko mitatu, siku tatu kwa wiki, ukiruka siku katikati. Zoezi likiwa jepesi, ondoa mto. Baadaye panda na kushuka kidaraja cha sentimita 10 hadi 15, mkono ukiwa ukutani.

Je, likiuma? Litauma kidogo, na hilo halimaanishi kwamba linaharibika. Kwa kipimo cha sifuri hadi kumi, usivuke nne, na maumivu yawe yameshuka hadi kiwango chake cha kawaida ndani ya saa 24. Goti likiamka limevimba, ulizidisha: punguza idadi, usiache. Wengi huacha wiki ya pili kwa kutoona mabadiliko, ilhali msuli huhitaji wiki sita hadi kumi na mbili. Nchini Denmark upo mpango unaoitwa GLA:D, ulioanza mwaka 2013, ambao kiini chake ni mafunzo mafupi na vipindi 12 vya mazoezi ya namna hii, viwili kwa wiki.

Usilale na mto chini ya goti. Unastarehesha, lakini goti linazoea kukunjika, na kulinyoosha tena ni kazi ngumu. Fimbo ishikwe mkono wa upande usiouma, kimo chake kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Kwenye ngazi, mguu usiouma utangulie kupanda, unaouma utangulie kushuka. Kukuna nazi kwenye mbuzi na kufua umechuchumaa kunakunja goti kupita kiasi, basi kwa wiki hizi weka beseni mezani na umpe mwingine mbuzi. Ukiwa na uzito mkubwa, kila kilo unayopunguza huliondolea goti mzigo wa kilo nne hivi katika kila hatua.

Kuna magoti ya kupelekwa hospitali siku hiyohiyo kabla ya zoezi lolote: lililovimba na kuwa la moto pamoja na homa, lililokwama ghafla lisinyooke, lisiloweza kukanyagiwa baada ya kuanguka. Vilevile mguu uliovimba na kuuma kwenye shavu la nyuma, upande mmoja tu, kwani huenda damu imeganda kwenye mshipa. Huo usichuliwe kabisa.