Bima ipi itanilipia upasuaji wa kupunguza uzito?

SWALI: Habari za kazi dada. Mimi ni mama wa miaka 41, naishi Houston, nina kilo 118 na urefu wa sentimita 163, kisukari ninacho na presha pia. Daktari ameniambia nifikirie upasuaji wa kupunguza tumbo. Kazini tunachagua bima mwezi ujao na mwenzangu mmoja anasema nichukue tu ile ya makato madogo, zote zinalipa. Ni kweli? – Mama wawili, Texas

JIBU: Pole na hongera kwa kuuliza mapema, maana wengi wanauliza wakishalazwa. Hapana mama, sio zote zinalipa, na makato ya mwezi hayakwambii chochote kuhusu hilo. Hapo Marekani kila mpango wa bima lazima ukupe karatasi ya muhtasari wa mafao, ni kurasa chache tu, sasa wewe ruka majedwali ya mbele nenda karibu na mwisho, utakuta visanduku viwili, kimoja cha huduma zisizolipiwa na kingine cha huduma nyingine zinazolipiwa. Upasuaji huu lazima utajwe kwenye kimojawapo, wanauandika "bariatric surgery". Ukiuona kwenye kile cha kwanza, achana na huo mpango hata kama ni wa bei ya kutupa.

Na usidanganyike na jina la kampuni kwenye kadi. Rafiki yako anaweza kuwa na kadi ya kampuni ile ile, yeye akalipiwa wewe ukakataliwa, kwasababu mwajiri ndiye anayechagua nini kiwemo na nini kitolewe. Kwahiyo muulize HR wa kwenu, yani ofisi ya wafanyakazi. Kama kazini hamna kabisa, soko la bima la serikali linafunguliwa Novemba 1, ila nako majimbo yanatofautiana, kuna yanayolazimisha upasuaji huu uwemo na kuna yasiyolazimisha, karatasi ni ile ile isome. Kisukari chako kisikutishe, tangu 2014 hawaruhusiwi kukunyima bima ya namna hiyo wala kukupandishia bei eti kwa sababu unaumwa.

Kwa vipimo vyako BMI, yani uzito ukilinganishwa na urefu, inafika 44, na bima nyingi bado zinafuata kipimo cha tangu 1991, yani 40 kwenda juu, au 35 ukiwa na ugonjwa kama kisukari, hapo umo ndani. Kinachowakwamisha watu ni masharti yanayofuata. Mipango mingi inataka miezi kadhaa ya kuhudhuria kwa daktari ukipunguza chakula na kila mwezi iandikwe kwenye faili, wengine wanataka na barua ya mwanasaikolojia, halafu kibali cha bima kabla ya kisu. Ukiruka mwezi mmoja unaweza kuambiwa uanze upya, na hilo linauma jamani, basi weka miadi yote mapema na kila ukitoka omba nakala.

Angalia pia kiasi unachotanguliza mwenyewe kabla bima haijaanza kulipa na kikomo cha pesa utakayotoa mfukoni kwa mwaka, hapo ndipo makato madogo yanapokugeukia. Hakikisha daktari mpasuaji yupo kwenye orodha ya wenye mkataba na bima hiyo, na hospitali pia, na mtu wa nusukaputi pia.

Kabla hujasaini piga simu uwatajie namba za huduma, 43775 ni ya kukata mfuko wa chakula ubaki mwembamba na 43644 ni ya kupitisha chakula njia ya mkato, waulize zote mbili kwa mpango huo huo unaoutaka, kisha uombe jibu kwa maandishi.