Daftari la kitandani: niliyojifunza nikimuuguza mwana wa dada yangu

Mwana wa dada yangu aliletwa Mwanza kutoka Ukerewe akiwa na miaka 9, taya la kulia limevimba na meno ya upande huo yanacheza. Kijijini walidhani ni jino bovu. Hospitali ya Bugando walikata kinyama wakakipima, wakatuambia ni saratani ya Burkitt, ile iliyopewa jina la daktari Denis Burkitt aliyeieleza mwaka 1958 baada ya kuiona kwa watoto wa Uganda. Inakua kwa kasi ya kutisha, lakini pia ni ya kusikia dawa upesi. Tatizo ni kwamba dawa zenyewe huja kwa awamu, na katikati ya awamu mtoto hutapika, hunyonyoka nywele, hutoka vidonda mdomoni, na hungoja. Hungoja sana. Dada alikuwa na kichanga, shemeji yuko ziwani kwenye dagaa. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Nyakato, hapahapa Mwanza, kwa hiyo kile kiti cha plastiki kando ya kitanda kikawa changu likizo nzima na jioni nyingi baada ya hapo.

Nayaandika haya kwa mama, shangazi, bibi au baba atakayekalia kiti kama kile na kujikuta hana la kumwambia mtoto.

Siku ya tatu nilimsimulia hadithi niliyoitunga njiani, ndani ya daladala. Sungura aliugua, akanywa dawa chungu, akapona, akakimbia kuliko wenzake wote. Niliona nimempa moyo. Yeye aligeukia ukutani, akakaa hivyo muda mrefu, kisha akaniuliza: "Mama mdogo, wewe umejuaje atapona?"

Sikuwa na jibu. Mtoto mgonjwa akisikia sungura amepona, anasikia ahadi, na ahadi ya namna hiyo anaipima kwa mwili wake mwenyewe kila asubuhi. Akiamka anatapika, msimulizi ameshakuwa mwongo. Tangu siku ile sikumweka mgonjwa kwenye hadithi yoyote mpaka alipomweka yeye.

Nilirudi kwenye zile tulizolelewa nazo. Jioni moja nikaita, "Hadithi hadithi!" na vitanda vitatu vikaitikia, "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea!" Nikawasimulia ya Masala Kulangwa, ambayo kila mtu aliyelelewa na bibi wa Kisukuma anaijua. Zimwi Shing'weng'we limemeza watu wote na mifugo yao, amebaki mama mmoja mjamzito aliyejificha kwenye rundo la pumba. Mtoto anazaliwa, anakua, anauliza watu wako wapi. Kila siku anarudi na windo, panzi, ndege, swala, anamuuliza mama yake, "Ndiye huyu?" Hatimaye analiua zimwi lenyewe, analipasua tumbo, watu wanatoka. Lakini katika kupasua anamkata bibi kizee sikio, na bibi yule anakasirika vibaya sana.

Nilitegemea wapende pale watu wanapotoka tumboni. Wa kwangu alishika lile sikio.

"Kwa nini alimkata wakati alikuwa anamwokoa?"

Nikamwambia hakumwona, ndani ya tumbo la zimwi kuna giza.

Akafikiri. "Basi angewaambia kwanza wasogee."

Kesho yake asubuhi nesi alipokuja kumbadilishia kanula, ule mrija mdogo wa kupitishia dawa kwenye mshipa, yule mtoto ambaye siku zote alikuwa anapiga kelele mpaka korido inasikia, alimtazama nesi akamwambia: "Niambie kwanza, halafu ndiyo uchome." Nesi akacheka kwa upole, akamwambia. Na kila aliyekuja baada yake tukamwomba afanye hivyohivyo. Sindano iliendelea kuuma, kelele zikapungua.

Mimi sikupanga hilo. Nisingeweza hata kulipanga. Hadithi ilimpa mahali pa kulitazama jambo linalomtokea, akalitazama katika mwili wa mtu mwingine, akarudi na neno la kuomba anachotaka. Ndiyo maana ushauri wangu mkubwa ni huu: simulia, kisha nyamaza umwachie aulize. Usimuulize hadithi inatufundisha nini. Hilo ni swali la darasani, nami nimeliuliza miaka mingi, lakini kitandani linamgeuza mtoto kuwa mwanafunzi anayepewa mtihani akiwa na dripu mkononi.

Baadaye nilisoma kuhusu utafiti uliochapishwa mwaka 2021 na watafiti wa Brazil, ukanipa faraja kwamba sikuwa naota. Walichukua watoto 81 waliolazwa katika vyumba vya uangalizi maalumu. Wengine walisimuliwa hadithi, wengine walitegewa vitendawili. Makundi yote mawili yalipata nafuu, lakini waliosimuliwa hadithi maumivu yao yalipungua zaidi, na hata mate yao yalipopimwa, homoni ya msongo wa mawazo ilikuwa imeshuka zaidi. Walipoonyeshwa picha za vitu vya hospitali, nesi na daktari wakiwemo, wale wa hadithi walivizungumzia kwa maneno mema kuliko wenzao. Nilikumbuka lile sikio.

Kuandika kulianza kwa sababu ya vidonda vya mdomo. Awamu ya pili ilimwachia mdomo mbichi, hata uji wa baridi ulimliza, na kuongea ndiyo kabisa. Nikanunua kaunta buku na penseli mbili. Nilitaka aandike "nina kiu", "naumwa hapa". Badala yake ukurasa wa kwanza akaandika: Kamongo amejifukia kwenye tope.

Kwa aliyekulia kando ya ziwa hilo halihitaji maelezo. Kamongo ni samaki anayepumua hewa. Maji yakikauka anajichimbia topeni, anaacha kitundu cha kupumulia, anakaa humo mpaka maji yarudi. Yule kamongo wa kwenye daftari alikaa topeni kurasa nyingi. Wavuvi walipita juu yake. Sato walimcheka. Na kulikuwa na sheria zilizoandikwa kwa herufi kubwa: ASICHIMBULIWE. ASIULIZWE HALI. Niliposoma hiyo ya pili nilitoka nje kidogo nikalie, maana kila mgeni aliyekuja na chupa ya chai alianza na swali lilelile, na mimi nilikuwa wa kwanza. Niliporudi sikumwambia nimeelewa. Niliacha tu kuuliza, na kwa wageni nikawa nawatangulia mlangoni kuwaomba wamsalimie kwa habari za timu ya mpira.

Kama na wewe ni mwalimu, kalamu nyekundu iache nyumbani. Mkono utakuwasha kusahihisha, najua. Mtoto huyu kila kitu ameamuliwa: ale nini, alale saa ngapi, mshipa gani utobolewe. Daftari ndilo mahali pekee anapoamua yeye. Ukisahihisha, umemchukulia na hilo. Akichoka kuandika, asimulie nawe uandike maneno yake kama yalivyo, kisha umsomee akague. Akisema "hapana, sikusema hivyo", futa.

Mengine nayapitia haraka. Hadithi iwe fupi, dakika kumi zinatosha siku mbaya. Dawa hizi zinadhoofisha kinga, kwa hiyo vitabu vichakavu vilivyopita mikono mingi usimpe kabla hujaongea na manesi. Awe na daftari na penseli zake. Kama una simu, tovuti ya African Storybook ina hadithi nyingi za watoto kwa Kiswahili bila malipo, zipakue ukiwa nyumbani. Na kama mtoto hataki kusimuliwa, kaa naye kimya. Kimya chako karibu naye ni kitu.

Maumivu nayo yanahitaji neno lake. Kitanda cha pili alilala binti mmoja wa Sengerema mwenye selimundu, huu ugonjwa ambao Kanda ya Ziwa unatuumiza mno. Seli nyekundu za damu zinajikunja kama mundu, zinaziba vijishipa, na mifupa inauma maumivu ambayo mtu mzima angeyalilia. Wakati huo usilete hadithi. Mwite nesi kwanza, dawa ya maumivu itangulie. Hadithi haichukui nafasi yake. Dawa ikishaanza kufanya kazi, simulia ile anayoijua tayari, kwa maneno yaleyale, bila kunogesha. Binti yule alitaka ya Masala Kulangwa tu. Aliposhindwa kuitikia aliinua kidole kila nilipofika kwenye "Ndiye huyu?" na nikiona kidole kimechelewa nilipunguza sauti mpaka akasinzia.

Siku zake nzuri alidai na yeye aingie kwenye hadithi ya kamongo. Mwenye daftari alifikiria siku mbili ndipo akakubali, kwa sharti kwamba atumie kurasa za nyuma. Akamwandikia kamongo dada, kiboko mwenye mbio. Mikono isipokuwa imevimba aliandika mwenyewe kwenye karatasi, nami nikaibandika kwenye kaunta buku. Ikivimba aliniambia maneno.

Tuliporudi kwa awamu ya nne, kitanda kile kilikuwa na mtoto mwingine. Sikumficha wa kwangu. Nilikwishamdanganya mara moja kwa sungura, sikutaka kurudia. Nilimwambia amefariki. Hakulia mbele yangu. Usiku aliandika mstari mmoja kwenye daftari, na huo ni wake, sitauweka hapa.

Wiki mbili baadaye mama wa binti alikuja wodini kututafuta. Alikuwa mjini kwa shughuli zake, akauliza kwa sauti ya chini kama lile daftari bado lipo. Nilitaka kuchana kurasa zile papo hapo nimpe. Kisha nikakumbuka daftari si langu, nikamwomba mama anisubiri, nikaenda kumuuliza mwenyewe.

Alikataa zisichanwe, kwa kuwa nyuma ya baadhi yake kulikuwa na maneno ya kamongo. "Mnakilie, Mama mdogo," akasema. "Karatasi alizoandika yeye bandua umpe, na zilizobaki unakili. Ila usisahihishe."

Nilinakili kurasa 11 usiku ule. Kila kiboko alipokimbia, alikimbia "halaka", nami nikaandika "halaka". Asubuhi nilimkuta mama wa binti kwenye foleni ya kivuko cha Kamanga, nikampa bahasha, akaiweka ndani ya kanga, tukasimama pamoja mpaka geti lilipofunguliwa.