Kopo la kalsiamu halitamtosha shangazi yako

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Huku Tanga hatujambo, alhamdulillah, ila mvua zimeshika na Ngamiani yote ni tope. Ujumbe wako nimeusoma. Unasema shangazi yako aliteleza kizingitini kwake Pangani, akajikinga kwa mkono, kifundo kikavunjika, sasa amefungwa hogo, na daktari kamwambia mifupa yake imedhoofika, ugonjwa uitwao osteoporosis. Tangu hapo kundi la familia halilali. Mmoja anataka achemshiwe kongoro kila asubuhi, mwingine anauza makopo ya kalsiamu, wa tatu kasema asitoke kitandani asije akavunjika tena, na mdogo wako kaleta habari ya dawa inayoozesha taya. Umeniuliza umnunulie kopo lipi, na kama wewe mwenyewe, kwa miaka yako 34, uanze kumeza mapema.

Kopo usinunue kwanza. Hizo fedha zitumike kumrudisha kwa daktari, maana jambo lenyewe hakuna aliyeligusa. Wifi yangu ana miaka 67. Hakuanguka kutoka juu ya mwembe wala hakugongwa na bodaboda. Kaanguka kwa kimo chake mwenyewe akiwa amesimama. Mfupa wenye nguvu zake kwa kawaida hauvunjiki kwa kuanguka namna hiyo. Na aliyevunjika hivi baada ya miaka 50, hatari yake ya kuvunjika tena hukaribia kuwa mara mbili ya mwenziwe ambaye hajavunjika, tena miaka miwili ya mwanzo ndiyo mibaya zaidi. Leo ni mkono. Ninachokiogopa mimi ni nyonga. Nimeuguza wodini, nimewaona wazee waliovunjika nyonga: vidonda vya mgongoni, nimonia, binti anayeacha biashara yake ili amgeuze mama kitandani. Wengi hawarudi kutembea kama zamani, na wengine hawaumalizi mwaka. Hogo litaunga ule mkono vizuri tu. Kilichousababisha uvunjike kinabaki pale pale.

Mfupa, mwanangu, ni kitu hai. Ndani yake kuna seli zinazobomoa mfupa mkongwe na seli zinazojenga mpya, na kwa kazi hiyo mifupa yote ya mtu mzima hujirudia upya kwa muda wa kama miaka 10. Hadi kufika miaka 30 hivi wajenzi wanakuwa mbele au sawasawa na wabomoaji. Kwa mwanamke, hedhi ikikoma homoni ya estrojeni hushuka, na wabomoaji wanakosa wa kuwazuia. Miaka mitano hadi saba ya mwanzo upotevu huenda mbio. Ndiyo sababu kumrundikia kalsiamu peke yake hakumponyi: ni kumwaga mchanga na kokoto kwenye kiwanja huku mafundi wanaobomoa ni wengi kuliko wanaojenga.

Hili halisemwi kwa kukisia. Marekani walifuatilia wanawake zaidi ya 36,000 waliokwisha kukoma hedhi kwa karibu miaka saba, nusu wakimeza kalsiamu na vitamini D kila siku, nusu vidonge visivyo na kitu. Majibu ya mwaka 2006 hayakuonyesha kinga ya maana kwa nyonga kwa kundi zima, ila waliomeza walipata mawe ya figo zaidi. Mwaka 2022 yakatoka majibu mengine, ya vitamini D peke yake kwa watu 25,871 wenye afya ya kawaida: kuvunjika hakukupungua. Sisemi vidonge hivyo havina kazi. Mtu asiyekula vya kutosha anavihitaji, mzee asiyetoka ndani anavihitaji, na anayeanza dawa za mifupa lazima awe na kalsiamu na vitamini D vya kutosha mwilini. Lakini hapo vinasindikiza dawa, havishiki nafasi yake.

Kongoro nalo ni chakula kizuri, na kama linampa hamu ya kula mpikieni. Ila kalsiamu ya ule mfupa hubaki kwenye mfupa; inayoingia mchuzini ni kidogo sana hata ukichemsha usiku kucha. Mwanamke wa umri wake anahitaji kama miligramu 1,200 kwa siku, wewe 1,000. Glasi ya maziwa au mtindi ina kama 300, na sisi Mungu katujalia mkoa wa maziwa. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao ni hazina. Sukuma wiki nayo nzuri. Mchicha wengi wanautegemea, lakini una oksaleti inayoishika ile kalsiamu yake isifyonzwe, kwa hiyo ale kwa faida zake nyingine.

Muuza makopo anasema alimpima shangazi yako kwa kumshikisha kijiti cha chuma, mashine ikatoa karatasi imeandikwa upungufu wa mifupa. Hilo limeniudhi sana. Hakuna kijiti cha kushika mkononi kinachopima mfupa. Kipimo chenyewe kinaitwa DEXA, mtu analala, mashine ya mionzi midogo inapita juu ya nyonga na kiuno. Matokeo hulinganishwa na mfupa wa kijana mwenye afya; yakiwa -2.5 au chini yake, ndio ugonjwa wenyewe kwa kigezo cha Shirika la Afya Duniani cha mwaka 1994. Kati ya -1 na -2.5 mfupa umepungua lakini haujafika huko. Picha ya kawaida ya eksirei hugundua kwa kuchelewa, mpaka mfupa uwe umeshapoteza kama asilimia 30, basi asije mtu akakutuliza kwa kusema eksirei ilikuwa safi. Mashine za DEXA nchini ni chache, lakini kukosa mashine kusiwe sababu ya kukaa. Daktari anaweza kupima hatari kwa umri, uzito, mvunjiko uliotangulia, dawa anazotumia, na kama mama yake au baba yake alivunjika nyonga. Kwa habari yako, bibi yako mzaa baba alivunjika. Mwambieni daktari hilo.

Sasa taya. Habari hii ina ukweli ndani yake, ndiyo maana inatisha. Dawa zinazotumika zaidi, kama alendroneti ya kidonge na asidi ya zoledroniki ya dripu, hufanya kazi kwa kuwazuia wale wabomoaji. Kuna watu ambao mfupa wa taya ulikufa wakiwa kwenye dawa hizi. Wengi wao walikuwa wagonjwa wa saratani waliopewa dozi kubwa na za mara kwa mara. Kwa dozi za mifupa dhaifu ni jambo la nadra mno, makadirio ni kati ya mtu 1 katika 10,000 na 1 katika 100,000 kwa mwaka. Weka pembeni yake hii: katika utafiti wa mwaka 1996 wa wanawake waliokuwa tayari na pingili za mgongo zilizovunjika, waliomeza vidonge visivyo na dawa walivunjika pingili mpya 15 katika kila 100 kwa miaka mitatu, waliomeza alendroneti walikuwa 8, na waliovunjika nyonga walipungua kwa nusu. Dripu ya mara moja kwa mwaka, kwa majibu ya 2007, ilishusha waliovunjika pingili kutoka kama 11 katika 100 hadi 3. Mimi ningechagua dawa bila kusita, na wifi yangu nitamwambia hivyo hivyo uso kwa uso. Meno mabovu yang'olewe kabla ya kuanza, basi.

Kidonge kina masharti, na ukimsimamia kwa simu usiyalegeze. Ni kimoja kwa wiki, asubuhi akiwa hajala, kwa glasi nzima ya maji matupu. Si chai, si maziwa. Kisha akae wima au atembee nusu saa kabla ya kula chochote. Akirudi kulala kinaweza kuchoma koo. Mwenye matatizo ya koo la chakula, au asiyeweza kukaa wima, daktari humtafutia njia nyingine. Figo zipimwe kwanza. Baada ya miaka mitano hivi huangaliwa upya, wengine hupumzishwa, kwa sababu matumizi marefu mno nayo yana nyufa zake za paja, ingawa ni nadra. Kuna na sindano ya denosumabu ya kila miezi sita. Akiandikiwa hiyo, tarehe isipite wala asiiache kimya kimya, kwani ikikatishwa bila dawa ya kuipokea pingili zinaweza kuvunjika kadhaa kwa mpigo.

Ulitaja pia kwamba anameza vidonge vya magoti alivyouziwa mtaani, havina jina, na vinamtuliza ajabu. Hapo ndipo moyo wangu uliposhtuka kuliko pote. Magoti yanayouma mara nyingi ni baridi yabisi, ugonjwa mwingine. Mfupa dhaifu hauumi mpaka uvunjike. Na dawa isiyo na jina inayotuliza ajabu huenda imetiwa prednisoloni au deksamethasoni, dawa za jamii ya steroidi, ambazo zikitumika miezi mitatu na zaidi huwa miongoni mwa wala mifupa wakubwa kabisa. Asiziache ghafla, mwili unaweza kuanguka. Achukue pakiti aende nayo kwa daktari. Na mgongo ukimshika ghafla, asichuliwe na mtu: huenda ni pingili imesagika.

Kulala kitandani ndiyo ushauri mbaya kuliko yote ya kundi. Wanaanga wasiobeba uzito wao hupoteza mfupa asilimia 1 hadi 1.5 kila mwezi. Australia wanawake wenye mifupa dhaifu walinyanyua vyuma vizito nusu saa mara mbili kwa wiki, wakisimamiwa, na mifupa ya kiuno ikaongezeka. Majibu yalitoka mwaka 2018. Shangazi yako hahitaji vyuma. Hogo likitoka atembee ufukweni jioni, ainuke kitini bila kujishika, asiiname kuokota ndoo kwa kukunja mgongo. Kizingiti kile kisawazishwe, msalani pawekwe chuma cha kushikilia na taa inayowaka usiku, macho yake yapimwe mtoto wa jicho.

Wanaosema huu ni ugonjwa wa Wazungu, waambie ni kweli Skandinavia wanavunjika nyonga kuliko sisi, lakini sisi nasi tunaishi miaka mingi sasa. Duniani, kwa waliovuka miaka 50, mwanamke mmoja kati ya watatu na mwanamume mmoja kati ya watano huvunjika kwa ajili ya mifupa dhaifu katika maisha yaliyobaki. Baba yako simwachi nje.

Wewe usimeze chochote. Kunywa maziwa, pata jua la mikononi uani ukishavua buibui, beba vitu vizito, usijikondeshe. Ile sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu hupunguza mfupa kiasi ukiwa unaitumia, na ukiacha kwa kawaida hurudi; ukitaka kubadilisha, ongea na mkunga kwanza, usiache tu.

Shangazi yako aje mjini hogo likifunguliwa, alale kwangu, nimpeleke hospitali ya Bombo mwenyewe. Nauli yake nitatoa mimi. Wewe lipia kipimo cha figo na vitamini D, na umpigie leo umwambie aje na ile pakiti.

Mama yako