Maswali ya Wasomaji: Beki Aliyeachwa kwa Udogo wa Mwili

SWALI: Mhariri, mwanangu ana umri wa miaka 15 na anacheza beki wa kushoto. Mwezi uliopita akademia aliyokuwa akifanyia mazoezi hapa Nairobi ilimwacha, kwa sababu, kwa maelezo ya kocha, mwili wake ni mdogo mno. Tangu siku hiyo njumu zake zimekaa chini ya kitanda na matope yake. Mjomba wake humliwaza kwamba hata Andy Robertson, beki wa kushoto wa Uskoti, aliachwa vivyo hivyo. Je, ni kweli, au ni porojo za vibanda vya mpira?
Mama wa Beki, Kayole

JIBU: Mama, mjomba amesema kweli, ila ameiruka sehemu ya hadithi ambayo kijana wako anaihitaji zaidi. Robertson, aliyezaliwa Glasgow mwaka 1994, alikuwa katika timu ya vijana ya Celtic, klabu aliyoishabikia tangu utotoni, nayo ikamwacha akiwa na miaka 15 kwa kuwa alionekana mdogo wa umbo. Kutoka hapo hadi kusajiliwa na Liverpool ilipita miaka minane, na hiyo ndiyo miaka ambayo watu hawaisimulii.

Alikwenda Queen's Park, klabu kongwe ya mwaka 1867 ambayo wakati huo bado ilikuwa ya ridhaa, yaani wachezaji wake hawakulipwa mshahara. Msimu wa 2012/13 alicheza katika daraja la nne, la chini kabisa Uskoti, huku akifanya kibarua katika uwanja wa Hampden Park, ambako alipokea simu na kuuza tiketi. Agosti 2012 aliandika kwenye Twitter kwamba maisha ya umri ule bila pesa hayana maana, na kwamba alihitaji kazi. Alikuwa na miaka 18.

Mwaka uliofuata alichukuliwa na Dundee United, na baada ya msimu mmoja tu akahamia Hull City, ambako timu ilishushwa daraja mara mbili akiwa nayo. Liverpool ilimnunua Julai 2017 kwa pauni milioni 8 za kuanzia, na hata huko alisugua benchi hadi Desemba, beki mwenzake wa kushoto Alberto Moreno alipoumia. Mwezi uliofuata, dhidi ya Manchester City, aliufukuza mpira peke yake kutoka mchezaji mmoja hadi mwingine, akamfikia kipa Ederson, na bado hakusimama. Uwanja mzima wa Anfield, nyumbani kwa Liverpool, ukainuka. Mwonyeshe kijana kipande hicho, kwa maana mbio zile hazikuhitaji kimo. Ubingwa wa klabu za Ulaya wa 2019 na ligi za 2020 na 2025 vilikuja baadaye.

Hata hivyo, singependa mjomba aigeuze hadithi hii kuwa ahadi, kwani wengi walioachwa na akademia hatuwasikii tena. Alichokuwa nacho Robertson, na ambacho mwanao anaweza kukipata hata Kayole, ni mechi ya kweli kila wiki dhidi ya watu wazima, bila kujali hadhi ya timu. Mtafutie timu ya mtaa inayocheza ligi, na masomo yaendelee. Umbo la mtoto wa miaka 15 bado linakua.

SWALI: Mbona Robertson, nahodha wa nchi yake, hakuwahi kucheza Kombe la Dunia hadi kufikia 2025?
Shabiki, Umoja

JIBU: Alipewa unahodha mwaka 2018, lakini Uskoti haikuwa imefuzu tangu Ufaransa 1998. Mkosi huo uliisha tarehe 18 Novemba 2025, ilipoifunga Denmark mabao 4-2 na kujikatia tiketi ya fainali za 2026. Mechi ilichezwa Hampden Park, uwanja uleule alikokuwa akiuza tiketi.