Muulize Kocha: Kijana ana miguu, kocha anataka mkono

Tangu msimu wa NFL, ligi kuu ya kulipwa ya Marekani, uanze meseji za futiboli ya Kimarekani zimekuwa nyingi kuliko za soka, kwa hiyo leo tunajibu hizo tu. Kwa wasiofuatilia: kila timu inaweka watu 11 uwanjani, wenye mpira wana nafasi 4 za kusogea yadi 10, wakizipata wanapewa nafasi 4 nyingine, na kwotabeki ndo anayepokea mpira kila plei (shambulio moja moja) inapoanza, akaurushe, ampe mwenzake akimbie nao, au akimbie mwenyewe. Twende kazi.

SWALI: Kocha habari za kazi. Sisi tuko Texas, tulikuja tukitokea kambi ya Nyarugusu. Kijana wangu alikulia kwenye soka, huku shuleni wakaona mbio zake wakamweka kwotabeki. Sasa kocha wao anataka asimame tu nyuma ya ukuta wa wazuiaji arushe mipira mirefu, akikimbia anafokewa, juzi kamtoa kabisa. Mtoto hana raha tena. Je kocha ana haki? *(Baba wa mchezaji, Fort Worth)*

JIBU: Nzuri mzee wangu, na hongera kwa kijana, kupewa hiyo namba Texas sio jambo dogo. Kocha ana haki ya kupanga timu yake, ila kwa hili mi naona anajinyima mwenyewe. Ni sawa na umpate winga mwenye kasi halafu umwambie akae katikati ya uwanja agawe pasi.

Mfano mzuri ni Baltimore Ravens. Mwaka 2018 walimchukua Lamar Jackson, wa 32 kwenye drafti (timu zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu), na kabla ya hapo kuna watu wakubwa tu kwenye huu mchezo walisema huyu sio kwotabeki, abadilishwe awe mpokeaji wa pasi. Novemba mwaka huo kwotabeki wao Joe Flacco akaumia nyonga, Lamar akaingia, timu ikashinda mechi 6 kati ya 7 zilizobaki. Sasa hapo ndo kocha John Harbaugh alifanya kitu ambacho makocha wengi hawana moyo wa kukifanya, hakusema tumpe Lamar mfumo wa Flacco polepole mpaka auzoee, alimpandisha Greg Roman awe msimamizi wa ofensi, yaani upande unaoshambulia, na wakaijenga upya yote kuanzia kwenye miguu ya huyo kijana. Wakaweka mataitendi (wanaozuia na kupokea pasi pia) 3 wa maana, Mark Andrews, Nick Boyle na Hayden Hurst, wakaweka fulubeki, anayemfungulia njia mkimbiaji, Patrick Ricard, jitu ambalo lilikuwa linacheza na difensi, upande wa kuzuia, pia, wakamsajili Mark Ingram wa kukimbia katikati. Msimu wa 2019 wakashinda 14 wakafungwa 2, wakakimbia yadi 3,296 ambayo ilikuwa rekodi ya ligi, Lamar peke yake yadi 1,206, hakuna kwotabeki aliyewahi kufika huko kwa msimu mmoja, na bado akarusha pasi 36 za tachidauni, yaani za kufunga. Kura zote za MVP, mchezaji bora wa msimu, zikaenda kwake, hakukosa hata moja.

Ngoja nikuonyeshe ilivyokuwa inafanya kazi manake hapa ndo utamu ulipo. Kwotabeki anasimama yadi kama 4 nyuma ya senta, yule anayemrudishia mpira, mkimbiaji yuko nyuma yake. Plei ikianza, ukuta wa mbele unazuia kila mtu isipokuwa beki mmoja wa pembeni, wanamwacha makusudi, hakuna anayemgusa. Kwotabeki anaweka mpira tumboni kwa mkimbiaji lakini hauachii, macho yake yote yako kwa yule beki aliyeachwa. Beki akiingia ndani kumfuata mkimbiaji, kwotabeki anauchomoa mpira anazunguka nje alikotoka yule beki. Beki akibaki nje kumsubiri, anauachia mpira kwa mkimbiaji anapita katikati. Yaani beki wa watu yuko peke yake, na chochote atakachochagua amekosea. Kwa kawaida kwotabeki akishampa mtu mpira anabaki kuangalia tu, kwa hiyo mnakuwa 10 dhidi ya 11, lakini akiwa tishio mwenyewe hesabu inakuwa sawa, 11 kwa 11. Na difensi ikishaanza kuogopa mbio, mabeki wa kati wanasogea mbele, Andrews anabaki nyuma yao mpweke, mpira anauletewa kifuani. Ndo maana zile pasi za Lamar zilikuwa rahisi, mbio ndo zilizozifungua.

Ila mzee kuna upande wa pili na lazima kijana ausikie. Januari 2020 Ravens hao hao walikutana na Tennessee Titans kwenye mtoano, wakatanguliwa mapema, mfumo wa kukimbia ukakosa muda, Lamar akalazimika kurusha pasi 59, wakapigwa 28 kwa 12. Baadae, 2023, timu ikamleta Todd Monken kusimamia ofensi, pasi zikaongezwa lakini miguu yake haikufungwa, akabeba MVP ya pili, na 2024 akarusha tachidauni 41 akinyang'anywa mpira hewani mara 4 tu. Kwa hiyo mwambie aendelee kujifunza kurusha kwa bidii zote, tena sana.

Na kwa kocha usiende siku ya mechi, na usiende ukiwa na hasira. Omba dakika 15 katikati ya wiki, usimwambie amchezeshe mtoto hivi au vile, muulize tu: kwenye plei zako ni zipi ambazo mbio za kijana zinakusaidia? Kama hana hata moja atalifikiria hilo swali mpaka usiku.

SWALI: Mwanangu anakimbia na mpira kila Ijumaa na mimi nafumba macho. Huku kumfanya kwotabeki akimbie si kumvunja miguu? *(Mama Kwotabeki, Minneapolis)*

JIBU: Pole mama, hofu yako ni ya haki kabisa. Mfano ambao kila mtu anautaja ni Robert Griffin III, kwotabeki wa Washington, mwaka 2012. Kocha Mike Shanahan na mwanawe Kyle walichukua plei alizokuwa anacheza chuoni Baylor wakaziingiza kwenye mfumo wao, timu ikashinda mechi 10, ikachukua kundi lake, kijana akawa mchezaji bora wa ofensi kati ya wapya. Januari 2013 goti likaisha kwenye mtoano dhidi ya Seattle na hakurudi kuwa yule.

Lakini tuangalie ameumiaje. Desemba alipigwa na Haloti Ngata wa Ravens akiwa anakimbia kwa kuhangaika, pasi imekosa mtu. Na ile ya Januari alikuwa anainama kuokota mpira uliorushwa vibaya na senta, goti likapinda, na goti lenyewe lilikuwa tayari bovu, alikuwa ameshaonekana anachechemea na bado akaachwa uwanjani. Mbio zilizopangwa, ambazo anajua anakwenda wapi na wenzake wanazuia wapi, mi siziogopi kama zile za kuhangaika mpira uko mkono mmoja na mtu anakuja asikomwona. Kwa hiyo mama usipambane na mbio, pambana na mambo mawili: ajifunze kujiangusha chini miguu mbele kabla hajaguswa, na siku akichechemea atoke, hata kama ni fainali. Hilo la pili hata wewe mzazi unaruhusiwa kulipigia kelele.

SWALI: Kocha mi naangalia NFL usiku wa manane nikiwa Mwanza, sijawahi kuigusa hiyo mpira ya yai ila naipenda. Sielewi kitu kimoja, kwa nini timu isiwe na mfumo wake, kwotabeki akija aujifunze? Soka la kwetu kocha ana falsafa yake bana. *(Mpenzi wa NFL, Mwanza)*

JIBU: Kaka swali zuri sana na jibu liko Denver. Mwaka 2011 timu ya huko, Broncos, walianza kwa kushinda 1 na kufungwa 4, kocha John Fox akampa nafasi kwotabeki Tim Tebow, kijana mwenye nguvu za ng'ombe lakini pasi zake zilikuwa zinakwenda popote. Mfumo wa kawaida ungemuua. Wakabadilisha katikati ya msimu, kitu kigumu mno, wakaingiza plei za chuo za kumsoma beki kama nilivyoeleza hapo juu. Kuna mechi walishinda Kansas City 17 kwa 10 Tebow akiwa amekamilisha pasi 2 tu kati ya 8. Mbili! Wakaongoza ligi nzima kwa yadi za kukimbia, wakaingia mtoano, wakawatoa Pittsburgh kwenye muda wa nyongeza, tena kwa pasi ya yadi 80 kwenda kwa Demaryius Thomas kwa sababu Pittsburgh walijaa mbele kuzuia mbio.

Msimu uliofuata akaja Peyton Manning, mtu wa miaka 36 ametoka kupasuliwa shingo, hakimbii hata kidogo, lakini anaisoma difensi kabla mpira haujaanza. Kocha yule yule Fox, msimamizi wa ofensi yule yule Mike McCoy, wakaitupa ofensi ya Tebow yote wakamwachia Manning abadilishe plei mwenyewe pale mbele ya ukuta. Wakashinda 13, wakafungwa 3. Sasa niambie kati ya hizo mbili falsafa ya Denver ilikuwa ipi? Mi nadhani ilikuwa ni kumwangalia mtu aliyepo. Na ujue muda wa mazoezi ni mdogo, kwotabeki ana sekunde 3 hivi za kuamua, akianza kukumbuka somo badala ya kuona uwanja ameshachelewa na mpira umeshapotea.

Washington hao hao wa 2012, Griffin alipokosa mechi moja Desemba akaingia Kirk Cousins, mtu wa pasi. Hawakumlazimisha kukimbia kama Griffin, plei zikapangwa upya ndani ya wiki hiyo hiyo moja, wakaifunga Cleveland 38 kwa 21 ugenini.

SWALI: Shikamoo kocha. Mimi ni msaidizi wa kocha shule ya sekondari hapa Columbus, wachezaji wetu wengi ni watoto wa Kisomali na Kikongo. Tatizo letu kinyume na wengine, kwotabeki wetu hana mbio na mkono wake hafikishi mbali, ila ana akili balaa na hakosei mtu wa karibu. Mkuu wangu anasema msimu umeisha kabla haujaanza. *(Kocha msaidizi, Columbus)*

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Msimu haujaisha, tena nina hadithi moja naipenda sana kwenye huu mchezo na imetokea Ohio hiyo hiyo, Cincinnati.

Timu ya huko, Bengals, mwaka 1969 walikuwa na kwotabeki Greg Cook, kijana mgeni mwenye mkono wa bunduki, bega likaharibika msimu huo huo wa kwanza. Mwaka uliofuata wakabaki na Virgil Carter ambaye kurusha mbali kulimshinda, lakini alikuwa mtu wa hesabu hasa, mwaka 1971 alichapisha utafiti wa takwimu za futiboli akiwa bado anacheza. Msaidizi wa kocha pale, kama wewe, alikuwa Bill Walsh. Walsh akasema kama hatuwezi kwenda mbali basi tutakwenda pembeni. Uwanja una upana wa yadi 53 na kitu, akaanza kuutumia wote: pasi fupi fupi za yadi 5 au 8, wapokeaji wakikatiza, hatua za kwotabeki zimepimwa na hatua za mpokeaji, kwotabeki akimaliza hatua ya 3 nyuma mpira unatoka, mpokeaji ndo kwanza anageuza shingo. Msimu wa 1970 walianza kwa kushinda 1 na kufungwa 6, halafu wakashinda 7 mfululizo wakachukua kundi. Mwaka 1971 Carter aliongoza ligi kwa asilimia ya pasi zilizofika, 62.2. Walsh akaibeba ile kazi mpaka San Francisco, akampata kwotabeki Joe Montana raundi ya 3 ya drafti mwaka 1979, na wakawa mabingwa. Yaani mfumo ambao nusu ya ligi inaukopa mpaka leo ulizaliwa kwa sababu mtu mmoja hakuwa na mkono.

Kwa hiyo anza na hatua. Msimamishe kijana na wapokeaji wake baada ya mazoezi, bila difensi, hesabuni kwa sauti hatua 3 na mpira utoke, mpokeaji akichelewa rudieni, akiwahi rudieni, mpaka kijana arushe bila kumtafuta mtu kwa macho. Pili angalia ukuta wako wa katikati. New Orleans walipokuwa na Drew Brees ambaye ni mfupi kwa kwotabeki waliweka nguvu kwenye magadi, wazuiaji wa kushoto na kulia kwa senta, Jahri Evans na Carl Nicks, ili pale mbele ya uso wake pasisukumwe nyuma, apate pa kuona na pa kusogea. Kijana wenu anahitaji hivyo hivyo, mabavu yenu yote yawekeni kati, pembeni mpira utakuwa umeshatoka kabla beki hajafika.

Tatu, na hili mwombe mkuu wako kwa adabu. Alhamisi kaeni na kijana na karatasi ya plei za wiki, mpe kalamu afute zile ambazo hazipendi, bila kumuuliza sababu na bila kununa. Zilizofutwa msiziite kwenye nafasi ya 3 mechi ikiwa imebana, hata kama ndo mlizozichora nyinyi wenyewe.