Re: Nipanue kidimbwi changu cha ngege (tilapia)?
Ndugu, umesema samaki walikufa siku ile uliyojaza maji mapya, na sasa unataka kuchimba zaidi. Ngoja kwanza. Maji ya mfereji yana klorini, dawa ya kuua vijidudu, nayo huua samaki pia. Yaache kwenye tangi wazi siku 2 klorini itoke, kisha uongeze kidogo kidogo. Mimi niliwahi kuua ngege 12 asubuhi moja, wakaelea tumbo juu, paka wa jirani akala sikukuu.

Ukipanua, ongeza kina kuliko upana, kifike mita 1 hivi. Baridi ya Julai hapa Nairobi hupoza maji ya kina kifupi upesi, na yakishuka chini ya nyuzi 20 ngege hula kidogo sana. Chakula kikielea dakika 10 bila kuguswa, kitoe. Wavu pia uweke, korongo hawabishi hodi.