Dada wa Buhongwa, usisubiri kikao cha Jumamosi

Umeuliza ukatili dhidi ya watoto unasababishwa na nini, unawaathiri vipi wakishakua, na kama umhamishie mpwa wako wa miaka minane shule ya bweni, ili ujipange kwa kikao cha ukoo kuhusu alivyonajisiwa na shemeji yenu. Achana na hicho kikao. Mpeleke mtoto hospitalini leo, kabla hujamwogesha wala kufua nguo alizokuwa amevaa, kwa sababu dawa za kumkinga na virusi vya UKIMWI huanzishwa ndani ya saa 72, na saa hizo hazimngoji babu aliye kwenye meli akitokea Ukerewe.

Sisi tulimngoja wa kwetu, baba mdogo alipombaka binti wa ukoo wetu. Mzee mmoja wa ukoo wetu pale Igoma, mwenye sauti nzito kuliko busara zake, alisema kwamba kwenda polisi ni kuuanika ukoo, na mimi niliyesoma nikaitikia kwa kichwa. Gauni lilishafuliwa kwa aibu. Baba mdogo alitozwa mtamba, tukala pilau (kachumbari nilikata mimi, msinicheke), na mtamba mwenyewe akaishia katika zizi la mzee yuleyule. Tulipozinduka na kwenda Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, daktari hakuwa na la kuandika kwenye PF3, ile fomu ya polisi anayoijaza daktari, na mashahidi walikuwa walaji wa pilau. Kosa ambalo kwa sheria yetu ya Tanzania adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 30 likaishia hapo.

Baba mdogo aliendelea kuja kila sikukuu, na binti aliamrishwa apige magoti amwamkie. Alirudi kukojoa kitandani akiwa darasa la tano, akanyamaza darasani, na leo ana mtoto wake ambaye hamwachii mtu yeyote, hata mimi. Utafiti wa California uliochapishwa mwaka 1998 ulionyesha kwamba mateso ya utotoni yanapozidi, ndivyo sonona, ulevi na hata maradhi ya moyo yanavyoongezeka ukubwani. Kikaoni kwetu kilichojadiliwa ni umri wa mtamba.

Kuhusu sababu, wengine watakutajia pombe na umaskini. Mimi ninachokijua ni kwamba aliyetenda alikuwa mtu wa ndani, na alijua tutamwitia kikao badala ya polisi.

Nguo ziweke kwenye mfuko wa karatasi, si wa nailoni, na ukikwama piga 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure.